PICHA YA MJUKUU IMEKWAMA WAPI?

Na Mwandishi Wetu

Jumapili ya Mei 12, 2024, jirani yangu mmoja hapa Temeke, mama wa makamo aliyestaafu kazi ya kiwandani, aliamka na jambo moja tu moyoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo mkaza mwanawe alikuwa amejifungua salama huko Muscat, Oman, nayo picha ya mtoto ilikuwa imeahidiwa. Mama akaiweka simu yake mezani, kando ya birika la chai, akaingoja.

Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Akaizima simu, akaiwasha tena. Akamtuma kijana dukani kununua vocha, akidhani bando limekwisha, kumbe bando lilikuwa tele. Alasiri mwanawe akampigia simu ya kawaida, ile ya kulipia kila dakika, akamwambia kwamba picha ameituma tangu alfajiri, ila kwake inaonyesha alama moja tu ya vema, ile ambayo vijana huiita tiki, wala haijawa mbili. Kisha salio likakatika.

Jioni mama akaja kwangu. Aliamini kwamba mtu anayeandika gazetini hana budi kuwa na majibu ya mambo yote. Swali lake lilikuwa fupi: ikiwa mwanangu ameituma, nami sijaipata, je, hivi sasa iko wapi?

Nilifungua kinywa ili nimjibu kwamba iko hewani. Nikajizuia, maana nilitambua kwamba jibu hilo, ambalo sote tumelizoea, si la kweli.

LUGHA ILIYOTUPELEKA ANGANI

Ndugu msomaji, tazama maneno tunayoyatumia. Barua isiyo na karatasi tumeiita barua pepe, na neno hilo ni jamaa wa upepo na kupepea. Picha twairusha. Wimbo twaushusha. Mahali pa kuhifadhia kumbukumbu zetu panaitwa wingu. Kosa si la Kiswahili peke yake, kwani hata hao waliobuni mitambo hiyo kwa Kiingereza huzungumzia wingu vilevile. Lakini matokeo yake ni kwamba mwananchi anayelipia bando kila wiki hubaki akidhani kwamba ananunua kitu kisicho na mahali, kisicho na uzito, na ambacho hakikatiki ila kwa mapenzi ya kampuni ya simu.

Ukweli ni kwamba sehemu ya safari inayopita hewani ni fupi mno. Simu yako husema na mnara ulio mtaani, pengine nusu kilomita kutoka nyumbani kwako, kwa mawimbi ya redio. Ikifika mnarani, habari huacha hewa. Huingia katika nyaya, au huruka hadi mnara mwingine kisha ikaingia katika nyaya, na tangu hapo safari yote iliyobaki, iwe ya kwenda Kariakoo au Kanada, hupita ndani ya nyuzi za kioo zilizofukiwa ardhini au kulazwa chini ya bahari. Watanzania tuna neno zuri kwa jambo hili, nalo ni mkongo. Upo Mkongo wa Taifa unaotambaa kandokando ya barabara na nyaya za umeme hadi mipakani, ambao majirani zetu wa Rwanda, Burundi, Malawi na Zambia nao huunganishwa kwao. Na ipo mikongo ya baharini. Hiyo ndiyo iliyomnyima jirani yangu picha yake.

KUHAMISHA NYUMBA KWA MABASI

Lakini kwanza tuitazame picha yenyewe. Picha iliyomo katika simu ni hesabu tupu. Kila nukta ya rangi katika shavu la mtoto imeandikwa kwa tarakimu mbili tu, moja na sifuri, zikirudiwarudiwa kwa maelfu. Picha ya kawaida, baada ya kupunguzwa ukubwa ili isafiri, yaweza kuwa na baiti 300,000. Simu haiipeleki kwa mkupuo mmoja. Huikata vipande visivyozidi baiti 1,500 kila kimoja, navyo huwa vipande 200 na ushei. Vipande hivyo huitwa pakiti, na kila pakiti huandikwa itokako, iendako, na nambari yake katika mpangilio.

Chukua mfano wa familia inayohama kutoka Tanga kwenda Mbeya bila ya kuwa na uwezo wa kukodi lori. Itafanyaje? Itavunja kitanda, itafunga sufuria, itaandika nambari juu ya kila furushi na kuyapakia katika mabasi mbalimbali. Basi moja litapita Chalinze na Morogoro. Jingine, kwa kuwa daraja limechukuliwa na maji, litazunguka Arusha na Dodoma. Furushi nambari 9 litatangulia kabla ya nambari 2. Huko Mbeya ndugu atakaa na orodha, ahesabu, apange, na akiona nambari 14 haikufika atatuma neno kwamba godoro limepotea, leteni jingine. Ndivyo pakiti zinavyokwenda. Tofauti ni kwamba simu hubaki na asili ya kila kitu, hivyo godoro lilelile laweza kutumwa mara ya pili na ya tatu. Laiti mabasi yetu yangekuwa na uwezo huo.

Katika kila njia panda pana mtambo uitwao ruta. Kazi yake ni kama ya mpiga debe aliye mwaminifu, kama yupo: husoma anwani, hutazama ni njia ipi iliyo wazi kwa wakati huo, na kuipandisha pakiti katika basi linalofaa. Hakuna ruta hata moja inayoijua safari yote. Kila moja hujua hatua inayofuata tu.

Wazo hili la kukata habari vipande lilibuniwa katika miaka ya 1960 na watu wawili, kila mmoja bila ya kujua kazi ya mwenzake: Paul Baran huko Marekani, na Donald Davies huko Uingereza. Baran alikuwa akifikiria vita. Alitaka mtandao ambao sehemu yake ikibomolewa, sehemu iliyobaki iendelee kusema. Mnamo Oktoba 29, 1969, mwanafunzi Charley Kline wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alijaribu kuandika neno la kuingilia katika kompyuta iliyokuwa mbali, katika taasisi ya utafiti ya Stanford. Herufi ya kwanza ilifika, ya pili ikafika, ya tatu mtambo ukaanguka. Ilichukua muda wa saa moja hivi kuusimamisha tena. Hivyo ujumbe wa kwanza wa mtandao huu ulikuwa herufi mbili na kimya, jambo ambalo jirani yangu angelielewa vema.

Mwaka 1974 Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha kanuni za mazungumzo baina ya mitandao isiyofanana, na Januari 1, 1983, kompyuta zote za mtandao ule wa Kimarekani zikahamia katika kanuni hizo. Watu wengi huihesabu siku hiyo kuwa ndiyo ya kuzaliwa kwa intaneti. Kanuni zenyewe si ngeni kwa mtu wa pwani. Kompyuta moja kabla ya kutuma chochote hupiga hodi. Nyingine hujibu, karibu, nimekusikia. Ya kwanza husema, ahsante, naingia. Bila ya maneno hayo matatu hakuna kinachoanza. Ni adabu tuliyofunzwa barazani, ila wao wameiandika kwa hesabu.

NJIA YA CHINI YA BAHARI

Bahari yetu haikuanza jana kubeba habari. Mapema mwaka 1879, majeshi ya Waingereza yaliposhindwa na Wazulu huko Isandlwana Januari 22, habari hiyo ilifika London Februari 11, yapata wiki tatu baadaye, kwa kuwa hapakuwa na waya kutoka kusini mwa Afrika. Serikali ya Uingereza ikashtuka. Kabla ya mwaka huo kwisha, waya wa simu ya maandishi ulikwishalazwa baharini kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea Msumbiji na kuishia Durban. Ulikuwa ni waya wa shaba uliofunikwa kwa utomvu mgumu wa miti ya Malaya, maana mpira wa plastiki ulikuwa haujajulikana. Zanzibar, chini ya Sayyid Barghash, ikawa imeunganishwa na dunia kwa nukta na vistari. Jumba la kampuni ya simu lililojengwa baadaye pale Shangani lingalipo hadi leo, ila sasa ni hoteli.

Simu hizo zililipiwa kwa neno. Mtu aliyetaka kumwarifu mwenziwe juu ya msiba alihesabu maneno kama anayehesabu senti, akaacha salamu, akaacha pole, akabakiza jina la marehemu na siku ya maziko. Leo tunalipia kwa megabaiti, na salamu zimerudi kwa wingi, pamoja na picha za maua.

Baada ya hapo tulipanda angani kwa kweli. Mwaka 1970 kilifunguliwa kituo cha satelaiti cha Longonot, Kenya, na kwa miaka mingi mazungumzo ya Afrika Mashariki na ng'ambo yalipanda hadi satelaiti zilizo juu kwa karibu kilomita 36,000. Hata intaneti ilipotufikia katika miaka ya 1990 ilipita huko huko. Mwendo huo ni mrefu. Swali likipanda na kushuka, na jibu likipanda na kushuka, karibu nusu sekunde imekwenda njiani tu. Aidha, bei yake ilikuwa ya kutisha. Wale waliokuwa wakikaa katika vibanda vya intaneti mjini, wakilipa kwa dakika huku ukurasa mmoja ukijifungua polepole mfano wa pazia lililokwama, watakumbuka.

Mnamo Julai 23, 2009, mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukiunganisha Dar es Salaam, Mombasa, Maputo na Afrika Kusini na dunia ya kaskazini. Mwaka huohuo ulitua Mombasa mkongo wa TEAMS kutoka Fujairah, katika Ghuba. Mwaka 2010 ukafuata EASSy, wa urefu wa kilomita 10,000 hivi, kutoka Mtunzini, Afrika Kusini, hadi Port Sudan. Mwanga ndani ya uzi wa kioo hukimbia yapata kilomita 200,000 kwa sekunde, sawa na kuizunguka dunia mara tano. Zile kilomita 10,000 hukatwa kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde.

Nilipokuwa nikisoma habari za mikongo hii nilitarajia kukuta kitu kinene kama bomba la maji la mjini. La hasha. Katika kina kirefu mkongo haupiti unene wa mpira wa kumwagilia bustani. Katikati yake ndimo mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na ndani ya kila uzi mwanga wa leza huwaka na kuzimika mara mabilioni kwa sekunde: kuwaka ni moja, kuzimika ni sifuri. Nyuzi huzungukwa na bomba la shaba linalopitisha umeme wa volti elfu kadhaa kutoka nchi kavu, kwa sababu mwanga huchoka njiani, na kila baada ya kilomita 60 hadi 100 hivi hapana budi kuwepo mtambo mdogo wa kuutia nguvu upya. Karibu na pwani mkongo huvikwa nyuzi za chuma na kufukiwa mchangani. Huko mbali, hulala tu juu ya sakafu ya bahari, gizani.

Zaidi ya asilimia 95 ya habari zinazovuka bahari duniani hupita katika mipira hii ya bustani. Satelaiti mpya zinazoruka chini, kwa kilomita 550 hivi, zimeanza kutumika katika nchi jirani, Kenya ikiwamo tangu 2023, lakini bado hazijafikia hata robo ya kazi hiyo.

NANGA MBILI

Mikongo hukatika mara 150 hadi 200 kwa mwaka duniani kote. Watu hupenda kuwasingizia papa. Papa hawana hatia, au hatia yao ni ndogo mno. Wakosaji wakubwa ni nyavu za kukokota na nanga za meli.

Februari 18, 2024, meli ya mizigo iitwayo Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi wa Yemen karibu na mlango wa Bahari ya Shamu. Mabaharia walishusha nanga na kuihama. Meli ikaelea siku kadhaa ikiburura nanga hiyo, na Februari 24 mikongo mitatu ikakatika, SEACOM ikiwa mmojawapo. Inaaminiwa kwamba ni nanga ile. Mafundi hawakuweza kwenda haraka kurekebisha, kwa kuwa mahali penyewe palikuwa pa vita. Kwa hiyo mawasiliano mengi ya Afrika Mashariki yaliyozoea kupita kaskazini yakaelekezwa kusini, yazunguke Afrika Kusini ndipo yapande Ulaya.

Kisha, Mei 12, kipande cha kusini nacho kikakatika. EASSy na SEACOM ziliharibika siku moja katika bahari iliyo baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji na Madagaska zilitikisika, nyingine kidogo, nyingine sana. Ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam ulitangaza kufunga huduma zake kwa umma kwa siku mbili. Mimi, ambaye Februari nilikuwa nimesoma habari za Rubymar nikageuza ukurasa kwa kudhani kuwa ni habari za mbali, ndipo nikaelewa kwamba meli ile ilikuwa imeburura nanga hadi mlangoni petu.

Sasa naweza kulijibu swali la mama. Picha ya mjukuu haikuwa hewani, wala haikuzama baharini. Ilikwishatoka Muscat bila shida, ikafika katika seva ya kampuni inayoendesha huduma ile ya ujumbe. Seva ni kompyuta isiyozimwa, iliyo katika jumba lenye ubaridi, mara nyingi Ulaya au Marekani, na kazi yake ni kupokea na kutunza hadi mwenyewe apatikane. Ile tiki moja maana yake ni hiyo: mzigo umefika stoo. Tiki ya pili huja pale simu ya mpokeaji inapoitikia. Seva ilikuwa ikipiga hodi Temeke, na sauti ya kuitika ilikuwa haifiki.

Na kwa nini simu ya kawaida ilipita? Kwa sababu sauti na ujumbe mfupi wa zamani hupita katika mitambo ya makampuni ya simu kwa njia zao, na kutuma fedha kwa kubonyeza nyota na alama ya reli hakuhitaji kutoka nje ya nchi. Jumapili ile mtu aliyekuwa na simu ndogo ya tochi hakuwa na cha kulalamika.

Kuunga mkongo ni kazi ya mikono zaidi ya wengi wanavyodhani. Mafundi wa nchi kavu hutuma mwanga katika uzi na kupima muda unaochukua kurudi, mfano wa mtu anayepiga ukelele bondeni akahesabu mwangwi, na hivyo hujua umbali wa jeraha. Meli maalumu hutweka. Mojawapo inayohudumia bahari za Afrika, Léon Thévenin, iliundwa mwaka 1983 na makao yake ni Cape Town. Ikifika hushusha kulabu kwa kamba ndefu na kuburura taratibu hadi inase mkongo. Huuinua upande mmoja, huupima, huufunga kwenye boya, kisha huutafuta upande wa pili. Ndani ya meli, mafundi husafisha nyuzi za kioo, huziweka ncha kwa ncha na kuziyeyusha ziungane, uzi kwa uzi. Upepo ukiwa mkali, hungoja. Dunia nzima hungoja nao.

KUTOKA NAIROBI KWENDA NAIROBI

Lipo jambo jingine ambalo hunikera zaidi ya nanga. Kwa miaka mingi, mtu wa Nairobi akimwandikia jirani yake wa Nairobi aliyejiunga na kampuni nyingine ya intaneti, barua ilipanda satelaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi kwa satelaiti hadi mtaa wa pili. Kila hatua ililipiwa kwa dola. Sababu ilikuwa kwamba makampuni ya hapa nyumbani hayakuwa na mahali pa kukutania.

Mnamo Novemba 2000 makampuni ya Kenya yalifungua kituo cha kubadilishana mawasiliano mjini Nairobi. Kwa maelezo rahisi, kilikuwa ni chumba ambamo nyaya zao zilikutana. Baada ya wiki mbili kilifungwa kwa amri, maana kampuni ya simu iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha habari za nje ililalamika kwamba inaporwa kazi yake. Wenye kituo walipigania haki yao zaidi ya mwaka, na Februari 2002 kikafunguliwa upya. Leo vituo vya namna hiyo vipo Dar es Salaam na miji mingi ya Afrika. Hata hivyo, seva nyingi tunazozitumia bado ziko mbali, na kwa hiyo mazungumzo ya shangazi wa Mbagala na mpwa wake wa Gongo la Mboto yaweza kabisa kuvuka bahari mbili kabla ya kufika.

Ikumbukwe pia kwamba njia ikiwa na mahali, ina na lango, na lango lina mlinzi. Misri mwishoni mwa Januari 2011, Uganda Januari 2021, na hapa Tanzania kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ulizimika kwa siku kadhaa ilhali mikongo ya baharini ilikuwa mizima. Siku ya kuzimika kwetu iliangukia tarehe ileile ya Charley Kline na herufi zake mbili.

HERUFI ZETU NA NYUMBA ZETU

Wengi huchanganya intaneti na wavuti. Intaneti ndiyo barabara na mabasi. Wavuti, yaani kurasa zinazofunguliwa kwa kugusa kiungo, ni mojawapo ya mizigo inayopita humo, nao ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya fizikia ya CERN, karibu na Geneva. Alipeleka pendekezo lake Machi 1989. Juu ya kompyuta yake, ambayo ndiyo iliyokuwa seva ya kwanza, alibandika karatasi ya kuwaonya wapita njia wasije wakaizima. Aprili 30, 1993, CERN ilitangaza kwamba ubunifu huo ni mali ya umma, bila ya malipo.

Sisi Waswahili tuliingia humo kwa bahati moja ambayo haisemwi. Orodha ya herufi iliyotumiwa na kompyuta za Kimarekani, iliyotangazwa mwaka 1963, ilikuwa na herufi za Kiingereza tu, na Kiswahili cha leo chatosheka nazo. Waarabu na Wahabeshi walingoja miaka mingi hadi herufi zao zikubaliwe. Na sisi lau tungalibaki na herufi za Kiarabu ambazo wahenga wetu waliandikia tenzi, tungalingoja pamoja nao. Kinachotusumbua ni kitone kimoja tu: kile cha ng'ombe na ng'ambo. Majina ya tovuti hayakubali kitone hicho, kwa hiyo ng'ombe akiingia mtandaoni hana budi kuwa ngombe.

Pamoja na bahati hiyo, kurasa zilizoandikwa kwa Kiswahili hazifiki hata asilimia moja ya kurasa zote duniani, ijapokuwa UNESCO, ilipoitangaza Julai 7 kuwa siku ya lugha hii mwaka 2021, iliwahesabu wasemaji wake kuwa zaidi ya milioni 200. Wikipedia ya Kiswahili imekuwapo tangu 2003, ikiandikwa na watu wachache kwa kujitolea.

Lakini nadhani kuhesabu kurasa ni kupima kwa kipimo cha wenzetu. Kiswahili cha mtandaoni kimo zaidi katika sauti. Kimo katika makundi ya ukoo ambamo mjomba huongea dakika nne bila kituo, bibi asiyejua kusoma husikiliza mara tatu na kujibu, na mweka hazina wa harusi hubandika majina ya waliochanga na, kwa ujasiri zaidi, ya wasiochanga. Msiba ukitokea Tukuyu asubuhi, kabla ya adhuhuri ratiba imekwishapangwa na watu walio Dar es Salaam, Lubumbashi na Muscat. Baraza halikufa, limehamia katika kioo cha simu, likachukua pamoja nalo heshima zake, ugomvi wake na uvumi wake. Yote hayo hayamo katika hesabu ya kurasa. Yamo katika seva za watu wengine, katika nchi za watu wengine.

Nilimweleza mama kadiri nilivyoweza. Habari za kioo na leza hakuzijali sana. Alichokitaka kujua ni ikiwa picha itaharibika kwa kukaa stoo. Nikamwambia la, haichakai.

Makampuni yalinunua nafasi katika njia nyingine, na Jumanne usiku simu yake ililia mfululizo mezani. Jumbe 43 ziliingia kwa pamoja, kwanza salamu za Jumapili njema kutoka kwa watu wa kwaya, kisha picha za maua, kisha tangazo la kikao kilichokwisha fanyika. Mtoto alikuwa katikati ya hizo, amefumba macho, amevikwa kofia ya buluu. Mama akanituma nimwandikie mwanawe haraka kwamba amefika. Sikuwa na haja. Huko Muscat tiki ya pili ilikwishatokea, na simu ilikuwa inaita.